Uyoga Usiotajwa Mbele ya Wakwe

Vijana wangu wa ofisi ya misitu, siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Miaka yote mlilalamika kwamba nawaamsha mapema kwenda porini, na sasa ambapo sina pa kuwahi ndiyo mnanipa saa. Nimeitundika sebuleni, inapiga kelele peke yake. Hotuba niliikwepa siku ile kwa kisingizio cha mafua, kwa hiyo naandika haya badala yake. Ya vyeo sitayagusa. Vyeo vyangu vyote vilikuja vimechelewa na havina hadithi.

Nitaandika kuhusu uyoga, kwa sababu mpaka leo mnanitumia picha kwenye simu: "Mama, huu unaliwa?" Nawajibu hapa mara moja ili nipumzike. Swali hilo halitoshi, maana halijasema unaliwa na nani. Kobe anakula uyoga ambao wewe ukiuonja utaagana na ndugu zako. Kindi naye vilevile, na hajawahi kufika zahanati. Halafu picha haina harufu, haionyeshi kilichomo chini ya udongo, wala haisemi ilipigwa chini ya mti gani. Mnaniletea uso wa mtu bila kiwiliwili, kisha mnaniuliza ukoo wake.

Niliripoti Nachingwea nikitoka chuoni moja kwa moja, nimevaa viatu vya kisigino kwa kuwa barua ilisema nafika ofisini. Ofisi ilikuwepo kweli, ila ilikuwa ya kutundikia makoti ya mvua. Mzee Chinguile, msaidizi wa misitu niliyekabidhiwa kwake, alinitazama miguu kwa muda, akasema, "Bibi Miti, leo tunakwenda Mkotokuyana." Jina likanishika hapohapo, utadhani nimeolewa na miti. Visigino vilibaki Mkotokuyana, kimoja asubuhi na kingine mchana.

Mzee Chinguile alikuwa Mmwera wa kusema kidogo na kunusa sana. Alinusa magome, udongo, kuni za watu, hata chai yangu. Siku hiyo ya kwanza nilimwonyesha uyoga mwekundu chini ya mti wa mtondo, nikamwuliza unaitwaje. Aliniuliza, "Kwenu mgeni akiingia uani, mnamwuliza jina kwanza?" Nikasema hapana, tunamkaribisha, kisha tunamwuliza amefikia kwa nani. "Basi na uyoga ni mgeni," akasema. "Mwulize amefikia kwa nani. Kisha uangalie nani anamtembelea. Kisha uchimbe ujue amezaliwaje. Jina litakuja lenyewe, na likikataa kuja, hujapungukiwa kitu."

Hayo ndiyo maswali yangu matatu, sijawahi kuwa na mengine. Amefikia kwa nani maana yake ni mti, kichuguu, kinyesi cha ng'ombe au gogo lililooza, kwa sababu uyoga hauishi popote ilimradi. Wanaoutembelea ni mchwa, konokono, mende au nzi, na kila mmoja ana lake la kusema. Na kuuchimba ni kuuchimba kweli, kwa kisu, mpaka chini kabisa. Anayeung'oa kwa kuuvuta anaacha ushahidi ardhini. Vifaa vyangu vilikuwa kisu cha jikoni, mswaki uliozeeka wa kupangusia udongo, kikapu na karatasi. Mifuko ya rambo Mzee Chinguile aliichukia kabla serikali haijaichukia. Alisema uyoga ukitiwa humo unatoka jasho, na ukishatoka jasho unasema uongo.

Kesi yetu ngumu ya kwanza ilikuwa kijijini Mtua. Mzee mmoja alikuwa amejaza ungo uyoga mweupe, mnene, unaonukia vizuri, na karanga za kuungia zilikwisha kutwangwa. Mkewe ndiye aliyeingiwa na wasiwasi akatuita. Mzee Chinguile hakuutazama ungo hata kidogo. Alisema twende ulikochumwa. Tulipochimba mmoja uliobaki, tukakuta mguuni umevaa soksi, yaani kimfuko cheupe kilichojificha udongoni, na kiunoni una pete. Mweupe, mwenye soksi na pete: huyo, wanangu, hata akiwaletea salamu za marehemu mama zenu, mwacheni. Tuliumwaga ungo mzima kwenye shimo la choo. Yule mzee alitununia mpaka masika mengine, kwa sababu mtu ambaye hakufa hana namna ya kujua kwamba ameokolewa. Mkewe lakini alituletea karanga.

Baadaye Mzee Chinguile alistaafu, na mimi nikahamishiwa Ruangwa. Huko ndiko nilikokutana na kesi ambayo kwayo nimeinua kalamu. Ilikuwa katika kijiji kimoja cha upande wa Chunyu. Jina lake naliacha, kwa sababu ni kijiji cha wakwe zangu na bado nakwenda kula kwao sikukuu.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeshika. Asubuhi moja aliingia ofisini mwanamume mrefu mwenye kofia na fimbo, akasimama mlangoni mpaka nilipomkaribisha mara mbili. Alikuwa Shija, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia kijijini hapo na mkewe na ng'ombe wake, wakalima na mahindi kidogo.

"Mayu," akasema, ndivyo wanavyomwita mama, "nimekuja kuhusu harufu."

Nikamwambia ofisi ya afya ni mlango wa tatu.

"Huko nimetoka. Na kwa bwana mifugo nimetoka. Wote wanasema si ya kwao."

Akakaa, akanieleza. Tangu mvua zianze, msitu wa kijiji ulio karibu na kisima ulikuwa unanuka mzoga. Unanuka sana asubuhi, mchana unapungua, kesho yake unaanza upya. Wenyeji walikuwa wameamua kwamba ng'ombe wa Shija amekufa kwa kimeta na yeye amemzika kwa siri pale, juu ya maji yao. Kisima walikisusa, wakawa wanakwenda kuchota mbali mtoni. Bwana mifugo alikuja, akakagua zizi lote, akakuta ng'ombe wazima. Akautafuta mzoga msituni, hakuuona. Watu wakasema hilo ndilo linaloonyesha jinsi Shija alivyo fundi wa kuficha.

"Jumamosi wana mkutano wa kijiji," akasema. "Watapiga kura niondoke. Mke wangu amejifungua juzi, mapacha. Nitawapitisha wapi na mvua hii?"

Nikamwuliza, kwa kuwa kazi ni kazi, kama kweli hajazika ng'ombe.

Aliniangalia kama mtu aliyetukanwa na mtoto. "Mayu, ng'ombe wangu akifa kwa ugonjwa, namwita bwana mifugo. Akifa kwa kuvunjika mguu, namla. Nimzike kimyakimya kwa nini, ni mjomba wangu?" Kisha akasimama na kuchukua fimbo yake. "Harufu iko kwenye msitu wako. Kama msitu ni wako, kwa nini mzoga uwe wangu?"

Nikapanda pikipiki kesho yake.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa Hashimu, ambaye amemwoa binti yangu wa kwanza. Ni kijana mzuri, mpole, na mbele yangu hajawahi kukaa kwenye kiti kilicho juu kuliko changu. Nilipofika nilimwambia anipeleke harufu inakotoka. Alianza kuzitazama ndala zangu.

"Mama, kule hapaendeki."

"Kuna nini?"

"Kuna mambo."

"Mambo gani?"

"Mambo ya watu wazima."

"Hashimu, mimi nina wajukuu."

"Ndiyo maana, Mama."

Akakimbia kuniletea chai. Nikaenda kwa Bi Asumini, kungwi wa kijiji, mwanamke anayewafunda wasichana unyago na ambaye nilidhani hakuna neno duniani linalomshinda. Wanawake wa hapo hawaingii msituni kuchuma uyoga bila yeye kutangulia. Naye alinikwepa.

"Tulifika pembeni tukarudi," akasema. "Ile ni sehemu ya jando, Bibi Miti. Wavulana walikaa pale kiangazi. Ya jando sisi hatuyaoni, na tukiyaona hatukuyaona."

"Kwa hiyo mmeyaona?"

"Hatukuyaona. Na yananuka."

Hapo nikaelewa kwa nini bwana mifugo hakuona kitu. Alikuwa mtu wa Kagera, hajapita jando la huku, kwa hiyo walimzungusha msitu mzima isipokuwa uwanja ule. Na mimi ni mwanamke wa Kiyao. Kitambulisho cha serikali kinafungua mageti mengi, lakini lile si geti. Ningeingia kwa nguvu, ningekuwa nimeshinda siku moja na kupoteza kijiji, na kesho yake wangekata miti yangu yote kwa hasira. Nilitakiwa kumtambua mgeni ambaye siruhusiwi kumwona, na kila aliyemwona haruhusiwi kunisimulia.

Vijana, hapa ndipo chuo kinapoishia na utani unapoanza. Sisi Wayao na Wamwera ni watani. Mtani ana ruhusa ya kusema msibani neno ambalo mkwe hathubutu kulisema harusini, na hakuna wa kumshika mkono. Pale kijijini mtani wangu alikuwa Mzee Mnali, fundi baiskeli mwenye kipara, aliyepita jando zamani na asiyejua haya ni kitu gani.

"Mtani, bado hujafa?" alinisalimu.

"Nakusubiri wewe utangulie, nije nile pilau," nikamjibu. Heshima zikaisha. Nikamweleza shida yangu na maswali matatu, nikamwomba aende uwanja wa jando alfajiri, kabla jua halijawa kali, aangalie kila kitu na aje anisimulie bila kufunika.

Alirudi asubuhi anacheka peke yake njiani, baiskeli ameisukuma maana kupanda alishindwa. Akakaa kwenye kigoda, akajifuta machozi.

"Mtani, nnakwambia, nimekuona wewe ukikosa mengi maishani, lakini hili la leo limezidi. Vimesimama. Vingi. Vyeupe. Kila kimoja kimevaa kofia, na kiunoni kimejifunga wavu mpaka chini, kama kinakwenda kuvua samaki. Marehemu mume wako, Mungu amrehemu, angeviona angehama wilaya."

"Muache marehemu. Vimefikia kwa nani?"

"Kwenye mianzi iliyooza. Kile kibanda cha jando walichokichoma, pale kwenye majivu na mabaki ya mianzi."

"Nani anavitembelea?"

"Nzi wa kijani. Wamejaa kwenye kofia, wanalamba kitu kama ugoro wa maji. Wavu hawaugusi. Na kunuka ni hapo kwenye kofia, mtani, mzoga mtupu. Lakini mzoga hakuna. Nimechokonoa kila mahali kwa fimbo."

"Vimezaliwaje?"

Hapo akaacha kucheka kidogo. "Hilo ndilo lililonishangaza. Chini pana mayai. Nilidhani ya kobe, nikaminya moja, laini. Lina kamkia kama mzizi."

Nikamwambia arudi akachimbe mayai matatu pamoja na udongo wake, aje nayo kwenye ndoo.

Niseme kweli, uyoga huo nilikuwa sijawahi kuuona kwa macho. Chuoni ulikuwa na ukurasa wake kwenye kitabu, ila mwalimu wetu, mtu wa dini, aliufunua na kuufunika kwa haraka kiasi kwamba tulioketi nyuma tulipata upepo tu. Nilikumbuka mambo mawili: kwamba unazaliwa kwenye yai, na kwamba unanuka mzoga ili nzi waje wabebe mbegu zake miguuni. Asubuhi unasimama, jioni umelala umeoza. Mwingine unachukua zamu kesho yake. Jina lake la kitaalamu sitaliandika. Wazee wa Kilatini nao hawakuona haya, waliuita jina lilelile ambalo Hashimu alishindwa kunitajia.

Yai la kwanza nililipasua mbele ya Mzee Mnali. Ndani mlikuwa na ute mzito, utepe wa kijani, na katikati kitu cheupe kimejikunja, kinasubiri. Mtani alikiangalia akasema tu, "Masikini, kumbe na chenyewe kilikuwa kitoto." Yale mawili niliyafukia nusu kwenye mchanga mbichi ndani ya ndoo, nikayamwagia maji, nikaifunika ndoo kwa kanga.

Ningeweza kwenda mkutanoni na maneno tu. Lakini mtu akishanusa mzoga, ukimwambia ni uyoga anakuona umehongwa maziwa. Nilihitaji waunuse mahali ambapo ng'ombe hajapita. Na yai halipangiwi muda. Lingeweza kufunguka Ijumaa likaniozea nyumbani kwa mkwe, au Jumapili, wakati Shija ameshafika Nanjilinji na watoto wachanga kwenye mvua. Nililala kwa Hashimu na ndoo yangu barazani, na sikulala vizuri. Asubuhi ya Jumamosi nilifunua kanga. Yai moja lilikuwa limepata ufa juu. Nilitaka kumkumbatia mtu, lakini aliyekuwa karibu ni mkwe, kwa hiyo nikakumbatia ndoo.

Mkutano ulifanyika kwenye ghala la korosho kwa sababu ya mvua. Wanaume walikaa juu ya marundo ya magunia matupu upande mmoja, wanawake kwenye mikeka upande mwingine. Shija alisimama mlangoni. Mkewe, Mama Kulwa, alikaa nje ya kizingiti chini ya bati, amefunga mizigo yote tayari: masufuria, magodoro, ndoo, na juu ya mapaja yake Kulwa na Doto wamefunikwa shuka moja. Hakuna mwanamke aliyekuwa amekaa karibu naye. Niliiweka ndoo yangu mbele, mezani kwa mwenyekiti, nikaomba nizungumze wa mwisho.

Wajumbe walianza. Wa kwanza alisema mgeni hajui mila. Wa pili alisema maji ni uhai. Yote kweli, na yote hayakuhusu. Wa tatu alikuwa anaeleza madhara ya kimeta kwa sauti ya mtu aliyeyasikia redioni, na hapo ndipo kanga ilipoanza kuinuka.

Ilikuwa kanga yangu nzuri, imeandikwa SUBIRA YAVUTA HERI. Iliinuka polepole katikati, bila haraka, kama linavyoinuka hema mtu anaposimamisha mti ndani yake. Mjumbe wa tatu aliiona akapunguza sauti. Hashimu alikuwa ameketi nyuma ya ndoo ile, uso kwa uso nayo, na mama mkwe wake kando yake. Sijawahi kuona mwanamume akisoma dari ya ghala kwa makini namna ile.

Kisha harufu ikatoka. Watu walishika pua wote kwa pamoja, na mzee mmoja wa nyuma akasema taratibu, "Ndiyo yenyewe. Ndiyo harufu yenyewe." Nzi wa kijani wawili, halafu watano, wakaingia dirishani kama waliokuwa na kadi za mwaliko.

Nikasimama, nikaivua kanga.

Wanawake walijifunika nyuso, ila kila mmoja aliacha tundu. Kilikuwa kimesimama wima, cheupe, kofia yake inameremeta, na wavu ulikuwa bado unashuka taratibu kama sketi inayoshonwa huku umeivaa. Nikasema kwa sauti yangu ya ofisini, "Ndugu wananchi, huu ni uyoga. Umefikia kwenye mianzi iliyooza, unatembelewa na nzi, na umezaliwa kwenye yai hili hapa. Kunuka ndiyo kazi yake. Jioni utaanguka, na kesho mwenzake atainuka. Sikuutoa zizini. Mzee Mnali ameutoa mahali ambapo mimi siwezi kufika."

"Nimeutoa kwenye uwanja wa jando," mtani akaongeza, "na nawaomba msinitazame hivyo, sikuupanda mimi."

Bi Asumini akateremsha kanga usoni, akawageukia wanaume. "Kwa hiyo si wa kwenu?"

Hashimu akayashusha macho kutoka darini. "Wa kwetu? Sisi tulidhani ni vitu vyenu. Vya unyago. Tukasema akina mama wana sababu zao kuviweka pale, tusiwavunjie heshima."

"Sisi tukasema ni vya jando, tusiwavunjie heshima," akasema Bi Asumini.

Mzee Mnali alianza kucheka, wakafuata wengine. Kijiji kizima kilikuwa kimelinda uyoga kwa wiki kadhaa, wanaume wakilinda siri ya wanawake na wanawake siri ya wanaume, na harufu peke yake ndiyo iliyokosa mwenyewe, ikapewa mgeni. Walicheka mpaka magunia yakadondoka. Mjumbe wa kimeta alicheka akiwa ameketi chini. Mimi pia nilicheka, na nilifurahi, siwafichi, kwa sababu yai lilinitii na nilijiona fundi.

Hashimu alipiga meza. Akasema kura hakuna tena, ajenda imekufa. Akasimama, akamwita Shija mbele, akamwambia mbele ya watu wote, "Ndugu yetu, tumekukosea. Tunakuomba radhi. Ubaki." Shija alivua kofia, akaipokea ile radhi kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, akasema hana kinyongo. Watu wakapiga makofi.

Mama Kulwa hakupiga. Alikuwa bado amekaa nje ya kizingiti, na hakuwa amecheka tangu mwanzo. Alizungumza bila kuinuka, Kiswahili chake kikiwa kizito cha mtu aliyejifunza kwa majirani wachache.

"Nina swali," akasema. "Na kama ingekuwa ng'ombe kweli?"

Makofi yakakatika.

"Ng'ombe wanakufa," akasema. "Wa kwetu watakufa, na wa kwenu mkiwa nao watakufa. Siku hiyo Bibi Miti atakuja na ndoo gani?"

Nilimtazama Mzee Mnali, maana ndiye mwenye ruhusa ya kusema lolote, naye alikuwa anazitazama spoki za baiskeli ambayo haikuwepo. Furaha yangu iliniishia mwilini, nikaona aibu kwamba nilikuwa nimefurahia uyoga kuliko watu.

Bi Asumini ndiye aliyeinuka. Alitoka nje, akapiga magoti kwenye mizigo ya Mama Kulwa, akaanza kufungua kamba. Fundo lilikuwa limekazwa na mtu aliyekusudia kwenda mbali, likamchukua muda, na sisi sote tulikaa tukimwangalia. Akaitoa ndoo, akajitwika, akashuka nayo kwenye mvua. Hakuelekea mtoni. Alikwenda kwenye kisima kile walichokisusa, peke yake, na tuliisikia kamba ikigonga ukingo.

Aliporudi aliitua mbele ya Mama Kulwa. Akachota kwa kata, akanywa yeye kwanza, mpaka mwisho. Akachota tena, akamnyooshea.

"Jibu sina," akamwambia. "Kunywa, mwanangu. Unanyonyesha wawili."

Mama Kulwa aliishika kata, asinywe. Alimtazama Bi Asumini usoni. Kisha akamnyanyua Doto kutoka mapajani, akampa amshikie, akanywa.